Masuku ya Nzilo na Chupa za Ng'ambo



Mvua zimeanza, na kando ya barabara kati ya Kolwezi na Nzilo wamama wameanza kupanga masuku juu ya magunia na ndani ya mabeseni. Katika majira haya haya, kwenye makusanyiko yetu kadhaa, wanapita pia watu wenye chupa. Baada ya ibada, mlangoni pa kanisa, wanaeleza sifa za tunda la ng'ambo: mara ni noni, mara ni açaí (inatamkwa "asai"), mara ni tunda jingine lenye jina ambalo hakuna aliyepata kulisikia. Wanasema chupa hiyo inaondoa kisukari, inashusha presha, inasafisha damu, inafungua tumbo la uzazi na kumrudishia nguvu mgonjwa wa UKIMWI. Bei ya chupa moja ingeweza kulisha jamaa kwa siku nyingi.

Washiriki wengi wametuuliza kama mambo hayo ni kweli. Tena wachungaji ndio wanaoombwa ruhusa ya kutangaza chupa hizi mbele ya kanisa, na wapo walioahidiwa sehemu ya mauzo. Kwa sababu hiyo tumeona vema kueleza polepole matunda hayo ni nini, faida yake ya kweli ni ipi, na hili letu linaloanguka chini ya miti bila kulipiwa limebeba nini.

Açaí kwa wenyewe

Tuanze na açaí, maana ndiyo inayosifiwa kuliko yote. Ni tunda la mti ulio ndugu wa mchikichi wetu. Mti huo humea kwenye mabonde yanayofurika maji karibu na mdomo wa mto Amazon, katika jimbo la Pará nchini Brazili. Tunda lenyewe ni la mviringo, dogo kama zabibu, la rangi ya zambarau inayokaribia weusi. Sehemu kubwa ni mbegu. Kinacholiwa ni nyama nyembamba inayoizunguka. Watu wa kule huliloweka, hulisugua na kulichuja, nao hupata kitu kizito kama uji.

Sasa angalieni wanavyoula uji huo. Wanaula pamoja na unga wa mihogo na samaki wa kukaanga. Hawanywi kijiko kimoja asubuhi kama dawa ya kikohozi. Ni chakula cha mchana cha wavuvi, cha wachukuzi wa bandari ya Belém, cha watu wasio na feza nyingi. Mtu wa Nzilo aliyezoea bukari na samaki wa ziwa angeketi nao na kunawa mikono bila kuuliza swali.

Na kama chakula, açaí ni njema. Ina mafuta, na kwa tunda hilo ni jambo la pekee. Ina nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo, ina sukari kidogo, na ina zile rangi za zambarau ambazo wataalamu huziita antosianini, zinazopatikana pia katika zambarau na kabichi nyekundu. Vitamini C yake ni kidogo. Hayo ndiyo yote, na si haba. Lakini hakuna uchunguzi uliothibitisha kwamba açaí inaponya kisukari, saratani au ugonjwa mwingine wowote.

Basi sifa zile kubwa zilitoka wapi? Zilitoka Marekani, katika miaka ya 2000, wakati açaí ilipoanza kuuzwa huko katika chupa na vidonge vya kupunguza unene. Wauzaji walitumia majina na picha za watu mashuhuri bila idhini, hata mwaka 2009 mtangazaji Oprah Winfrey aliwashtaki makumi yao kwa kulitumia jina lake. Mwaka 2010 Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani, iitwayo FTC, ikaipeleka mahakamani kampuni moja iliyokuwa inauza vidonge vya açaí kwa ahadi zisizo na msingi. Wakati huo huo, kule Pará, bei ya tunda ilipanda kwa sababu ya kuuzwa mbali, na wale ambao lilikuwa chakula chao cha kila siku wakaanza kulilipia zaidi. Sisi wa Lualaba hatuhitaji kuelezewa sana jambo hilo. Tunajua nchi inavyoweza kuwa na mali ambayo dunia yote inaitaka, na mwenye nchi asiione mezani pake.

Habari ya noni ni fupi zaidi. Ni tunda la visiwa vya Pasifiki na la Asia ya kusini-mashariki, lenye harufu kali isiyopendwa na wengi. Mwaka 1998 wanasheria wakuu wa majimbo manne ya Marekani, yaani Arizona, California, New Jersey na Texas, waliilazimisha kampuni kubwa iliyokuwa inauza juisi yake iache kutangaza kwamba inaponya magonjwa. Mwaka 2000 waganga wa huko huko waliandika habari za mgonjwa wa figo ambaye madini ya potasiamu yalimpanda mwilini kupita kiasi, nao waligundua kwamba alikuwa anakunywa juisi hiyo. Kwa mtu mwenye figo nzima potasiamu si neno. Kwa mwenye figo mbovu inaweza kuusimamisha moyo.

Neno moja kubwa katika maneno ya wauzaji ni "antioksidanti". Maana yake ni vitu vinavyozuia aina fulani ya uharibifu ndani ya chembe za mwili. Matunda na mboga vina vitu hivyo kwa wingi. Zamani Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa orodha ya vyakula na nguvu zake za antioksidanti kama zilivyopimwa katika maabara, na kutoka hapo yakaja matangazo ya kusema tunda hili linalishinda chungwa mara kumi, lile mara ishirini. Mwaka 2012 wizara hiyo iliiondoa orodha yenyewe. Sababu waliyoitoa ni kwamba kipimo kile cha ndani ya chupa ya maabara hakionyeshi faida yoyote ndani ya mwili wa mtu, na kwamba wafanyabiashara wanakitumia vibaya. Kwa hiyo mtu akija kanisani na karatasi yenye tarakimu za namna hiyo, anauza kwa hesabu ambayo wenyewe waliiandika wamekwisha kuifuta.

Ndani ya masuku

Sasa turudi kwetu. Msuku, ambao wataalamu wameupa jina la Uapaca kirkiana, ni mti wa pori la miombo, pori hili linaloanzia kwetu Katanga na kwenda Zambia, Malawi, Zimbabwe, hadi Tanzania. Zambia na Malawi wanasema masuku kama sisi. Zimbabwe wanasema mazhanje. Tunda lina ganda la kahawia, na ndani yake nyama laini ya manjano yenye utamu unaokaribia asali, ikizunguka mbegu tatu au nne. Halisifiwi kwenye chupa yoyote. Linaokotwa.

Linatoa nini? Kwanza nguvu, maana lina sukari nyingi ya asili. Pili nyuzinyuzi. Tatu vitamini C kwa kadiri, na madini, hasa potasiamu, pamoja na chuma kidogo. Hatutasema kwamba masuku ni tunda la ajabu. Pera la nyumbani linalizidi mbali kwa vitamini C: katika gramu 100 za pera kuna karibu miligramu 228, wakati papai lina kama 61, chungwa kama 53 na embe kama 36. Mtu mzima, kwa mashauri ya Shirika la Afya Duniani, anahitaji miligramu 45 kwa siku. Pera moja la kadiri kwenye uwanja wa jirani linamaliza hesabu ya siku mbili. Hakuna chupa ya ng'ambo iliyo na haja ya kusafiri baharini kutuletea hilo.

Ubora wa masuku uko katika wakati wake. Yanakuja mvua zinapoanza na kuendelea hadi mwanzo wa mwaka, wakati ambapo mahindi ya ghalani yamekwisha au yamekaribia kwisha na ya shambani bado ni mabichi. Wamama wanaujua wakati huo. Bukari inapungua, mboga zinakuwa zile zile, na watoto wanalala mapema kwa sababu tumbo halina kitu. Hapo ndipo pori linapotoa masuku, na pamoja nayo bowa, maana bowa wengi wa miombo huota kwa kushikamana na mizizi ya misuku na ya miti jirani yake. Mtoto aliyeshinda porini akirudi jioni na midomo ya manjano amekula kitu cha kweli.

Tunasema hivi kwa uzito kwa sababu uchunguzi wa taifa wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba katika Kongo watoto 43 kwa kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani urefu wao haulingani na umri wao kwa sababu ya lishe mbaya ya muda mrefu. Hatuzungumzi juu ya watu wa mbali. Ni watoto wa shule yetu ya Jumapili.

Kuna jambo moja la jikoni ambalo tungependa kila mama wa kanisa alijue. Chuma kilichomo katika maharagwe, sombe na lenga-lenga hakiingii mwilini kwa urahisi. Vitamini C ikiwepo tumboni katika mlo ule ule, kinaingia vizuri zaidi. Na sombe inapopikwa muda mrefu, kama inavyopasa ili sumu yake itoke, vitamini C yake inapotea. Kwa hiyo pera, papai, embe au masuku machache, yakiliwa pamoja na bukari na sombe, yanafanya kazi ambayo peke yake yasingeifanya. Chai inafanya kinyume: ikinywewa pamoja na chakula inazuia chuma. Ni afadhali chai ingoje saa moja au mbili, hasa kwa mama mjamzito na msichana anayekua. Mafuta ya mawese mekundu nayo yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho. Haya yote yanauzwa sokoni Kolwezi kwa franka.

Vijana wetu wa mjini huona haya kula matunda ya pori. Wanasema ni chakula cha kijijini. Nabii Amosi hakuona haya kujitaja kuwa mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu, na matunda ya mikuyu yalikuwa chakula cha maskini wa Yuda. Alilitaja hilo mbele ya kuhani wa mfalme.

Andiko la majani

Wauza chupa wengi ni watu wa kanisa, nao huja na Biblia. Andiko wanalolipenda ni Ufunuo 22:2, palipo na mti wa uzima ambao majani yake ni ya kuwaponya mataifa. Wengine hufungua Ezekieli 47:12, mahali Yohana alikoyachukua maneno yake. Tusome vizuri. Ezekieli anaona mto unatoka hekaluni, na miti kando yake huzaa kila mwezi. Anagawanya kazi mbili waziwazi: matunda ni kwa chakula, majani ni kwa dawa. Na miti hiyo inazaa hivyo kwa sababu maji yake yanatoka patakatifu. Ni maono ya kazi ya Mungu mwenyewe ya kuifanya upya nchi iliyokufa. Hayakutolewa ili yawe karatasi ya matangazo. Anayeyatumia kuuza juisi amefanya matunda kuwa dawa, jambo ambalo nabii hakusema, na ameweka bei mahali ambapo nabii hakuweka.

Biblia haidharau dawa. Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu la Hezekia, na Paulo alimshauri Timotheo juu ya tumbo lake kama mtu anayemshauri mtoto wake. Lakini hakuna mahali ambapo mmoja wao alimwambia mgonjwa aache kinachomsaidia.

Na hapo ndipo penye hatari kubwa. Kama chupa ingekuwa juisi ya bei kali tu, tungesema ni feza iliyopotea, na tungeliacha neno hilo kwa kila mtu na mkoba wake. Tumemzika dada mmoja mwenye kisukari kile kinachohitaji sindano za insulini. Alipewa chupa tatu na kuambiwa azimalize kwanza, ndipo aangalie kama bado anahitaji sindano. Hakuifikia ya tatu.

Basi tueleze, ili mtu asiseme hakujua. Mwenye kisukari cha sindano mwili wake hautengenezi insulini, na bila insulini sukari haiwezi kuingia katika chembe za mwili. Damu inajaa sukari, mwili unaanza kuchoma mafuta yake na kujaza damu asidi. Mtu anakufa kwa siku chache. Hakuna tunda lenye insulini. Mwenye kisukari cha vidonge anaweza kuacha vidonge na kujisikia mzima kwa miezi, huku macho, figo na miguu vinaharibika polepole. Ndiyo maana ushuhuda wa "niliacha vidonge na najisikia vizuri" hauthibitishi kitu. Presha nayo ni hivyo hivyo: haiumi, mpaka siku inapopasua mshipa wa kichwa.

Kwa anayetumia dawa za UKIMWI hatari ni ya namna nyingine. Dawa zile zinavizuia virusi visizaane. Zikiachwa, virusi vinaamka, na vingine vinaweza kujifunza kuishi na dawa, hata mtu akirudi kwenye vidonge vyake vya kwanza havimsaidii tena. Tunajua kuna washiriki wanaomeza dawa kwa siri kwa kuogopa maneno ya watu. Hao ndio wanaoshawishika upesi, kwa sababu chupa ya juisi mezani haimwambii mgeni chochote, na chupa ya vidonge inamwambia. Mpendwa, kama ni wewe, meza dawa yako. Na sisi tulio jirani tuwe watu ambao mbele yao mtu anaweza kumeza dawa yake.

Masuku yenyewe pia, na maembe, na ndizi mbivu, yana sukari. Mwenye kisukari anaweza kula kidogo katika mlo, si beseni zima. Aulize munganga wake kiasi kinachomfaa.

Hatuwahukumu dada zetu wanaobeba chupa hizi. Wengi ni wajane, au wake wa wachimbaji ambao shimo limekwisha, na wanatafuta feza ya shule ya watoto. Nao wamedanganywa kabla ya kudanganya. Wameambiwa faida iko katika kuandikisha wengine, kila mtu alete watano. Fanyeni hesabu hiyo. Mzunguko wa kwanza ni watu 5, wa pili 25, wa tatu 125, wa nne 625. Kanisa la watu 300 limekwisha kabla ya mzunguko wa nne kufika nusu, na karibu wote walioingia mwisho wamebaki na chupa chini ya kitanda na deni kwa ndugu zao. Tumesuluhisha magomvi ya namna hiyo zaidi kuliko magomvi ya mashamba. Kwa hiyo katika makusanyiko yetu tumekubaliana kwamba chupa haziuzwi ndani ya uwanja wa kanisa, na mchungaji hapokei sehemu ya mauzo.

Vumbi, na shoka

Ni lazima tuseme pia yale yanayoweza kuharibu tunda letu wenyewe. Tunaishi juu ya shaba na kobalti. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza walichokiona katika mtaa wa Kasulo hapa Kolwezi, ambako watu walikuwa wakichimba kobalti katikati ya nyumba. Wakaaji wa pale walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini kuliko majirani wa mtaa usio na mashimo, na watoto walikuwa na nyingi kuliko watu wazima. Vumbi ndilo linalopita: mikononi, sakafuni, katika chakula. Kwa hiyo masuku yasiokotwe karibu na mashimo, marundo ya mabaki ya madini, wala kando ya barabara ya malori. Yaoshwe kwa maji safi kabla ya kufunguliwa, na mtoto asifungue ganda kwa meno. Ganda litupwe. Embe na pera zioshwe vile vile, na majani ya mboga zaidi ya yote, kwa kuwa majani hushika vumbi kuliko tunda laini.

Watoto wafundishwe pia kula lile tu wanalolijua. Katika 2 Wafalme 4 mtu mmoja alikwenda kondeni wakati wa njaa akaleta matunda ya mtango mwitu asiyoyajua, na chungu cha kundi zima kikawa na mauti ndani. Mzee anayeijua miti aende pamoja nao.

Lakini linalomaliza masuku kuliko yote ni makala. Tangu bwawa la Nzilo lilipojengwa juu ya Lualaba mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtambo wake umepeleka umeme kwenye migodi, na nyumba nyingi zilizo karibu na ziwa lenyewe bado zinapika kwa makala. Mji wa Kolwezi umekua, na magunia yanatoka mbali zaidi kila mwaka. Wazee wetu walipofyeka shamba waliuacha msuku usimame katikati ya mahindi. Leo mkataji anayelipwa kwa gunia hauachi. Kumbukumbu la Torati 20:19 inawakataza Israeli, hata wakiwa vitani na wameuzingira mji wa adui, kukata miti ya matunda, kwa kuwa mtu anakula kwayo. Ni sheria ya ajabu. Jeshi lenye haja ya mbao linaambiwa liache mti wa adui usimame.

Kuna kosa jingine linalofanywa hata na wenye nia njema. Misuku ina miti dume na miti jike. Ile dume inatoa maua lakini haizai kamwe. Mtu akiuona mti umesimama miaka bila tunda, anaukata, akikumbuka labda ule mtini wa Luka 13. Tafadhali, mfano ule usihubiriwe juu ya msuku. Madume yakimalizika, majike nayo hayatazaa.

Je, unaweza kupandwa? Unaweza, ingawa si kama mwembe. Mbegu za msuku hazihifadhiki: zikikauka zinakufa, kwa hiyo zipandwe mara zinapotolewa katika tunda. Mizizi yake inahitaji kuvu fulani wa udongoni ili iweze kula, ndiyo maana mche uliopandwa katika udongo wa kawaida mara nyingi hudumaa. Dawa yake ni rahisi: udongo wa kujaza mifuko uchukuliwe chini ya msuku mkubwa. Mti wa mbegu huchukua miaka kumi au zaidi kuzaa. Wataalamu wa kituo cha kilimo-misitu cha ICRAF, walipofanya kazi Malawi, Zambia na Zimbabwe, walionyesha kwamba kijiti cha mti jike mzuri kikiunganishwa juu ya mche mchanga, unaweza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na mtu anajua tangu mwanzo kwamba hatunzi dume.

Wamama wa kusanyiko la Nzilo wamekubali kuanza bustani ndogo ya miche nyuma ya kanisa. Mbegu watazitoa wao wenyewe katika matunda watakayokula jamaani. Kinachotafutwa sasa ni mifuko ya plastiki, majani ya kufanyia kivuli, na vijana wa kubeba udongo kutoka porini kabla ya Januari.